Ukoko wa Mama Nanzia

Mzee Elinaja Mshana aliweka mfupa wa paja la sungura kando ya sahani, akalamba vidole vyake kwa utaratibu, akamtazama bintiye, kisha akauliza, "Mama Nanzia, mbuzi wameshafungwa?"

Nanzia alikaribia kuangusha bakuli la mboga. Milima yote ya Ugweno haikuwa na mbuzi hata mmoja tangu sheria ya maji ilipopita na kila mnyama mwenye kiu kubwa akateremshwa tambarare. Na huyo Mama Nanzia aliyeulizwa hakuwa yeye bali mama yake, marehemu Nakijwa, aliyelala kaburini nyuma ya nyumba hiyo hiyo. Lakini hayo yote yalikuwa madogo. Lililomshtua ni kusikia jina. Ugonjwa wa kusahau ulikuwa umemwingia baba yake kwa kuanzia chini, ukala utoto wake, ukala ndoa yake, ukala na mtoto wake, hata akawa anamwita Nanzia "dada", kwa adabu ile ile anayopewa mhudumu wa zahanati.

"Wameshafungwa, Baba Nanzia," akajibu. Angesema nini tena?

"Na yule mweusi?"

"Naye."

"Vizuri. Yule ana akili ya mwanasheria. Ukimwachia upenyo tu, mmeonana mahakamani." Mzee akacheka mpaka mabega yakatikisika, na katika kicheko hicho Nanzia akamwona baba yake mzima, yule aliyekuwa akimbeba begani kwenda kumwonyesha ukungu ukipanda kutoka Ziwa Jipe. Wakakaa hapo mezani mchana wote. Mzee alisimulia mvua iliyobomoa daraja, harusi iliyokosa mchungaji, na jinsi alivyomwiba Nakijwa kwa ridhaa ya Nakijwa mwenyewe. Nanzia alilia mbele yake bila kuona haya. Mzee akamwambia aache kukata vitunguu vikali.

Jioni hiyo habari kama hizo zilisikika katika kila kaya. Mabibi walikuwa wameimba nyimbo za unyago ambazo hata waliowafundisha walikuwa wamezisahau. Babu mmoja wa kitongoji cha juu alikumbuka alikomficha jirani yake jembe enzi za ujana, akaenda kulichimbua na kulirudisha, na jirani akaanza kutafuta shahidi wa kumshtaki. Mpare ni Mpare. Watu hawakujua furaha hiyo imetoka wapi, na waliojua kidogo waliogopa kuuliza sana, kwa maana mwenye shibe haulizi jikoni kulikoni.

Nanzia alijua imetoka wapi. Imetoka kazini kwake.

*

Kazi yake ilikuwa Jumba la Sungura, jengo refu la ushirika lililokaa mgongoni mwa mlima, chini ya nyavu za kuvuna ukungu. Nyavu zilikinga ukungu tangu alfajiri, matone yakashuka kwenye mifereji, na maji hayo machache yakatosha sungura, kwa sababu sungura si ng'ombe. Baada ya sheria ya maji, hiyo ndiyo ilikuwa nyama ya Ugweno, na nyama ya shule, na nyama ya msibani. Mwanzoni ilikuwa nyama ya shida. Sungura walikua kwa kusuasua, vitoto viliharisha vikafa, na wale waliofika sokoni walikuwa mifupa iliyovaa manyoya.

Ndipo wazee wa ushirika walipokumbuka sungura wa Nakijwa. Alipokuwa kijana, mama huyo alifuga nyuma ya jiko lake, na sungura wake walinenepa wakati wa wengine wanakohoa. Hakuwanunulia chochote. Aliwachanganyia majani: mlonge, kitunguu saumu, na mtikiri, mmea ule unaotambaa ukingoni mwa msitu, wenye majani ya zambarau upande wa chini. Basi kabla hajafa walimketisha mbele ya Pishi awaachie maarifa.

Pishi ulikuwa mtambo wa ushirika wa kuchanganya chakula. Ulisikiliza wazee wakisema, ukapima, ukasaga, ukatoa punje ndogo za chakula zilizonukia kama shamba lililotoka kunyeshewa. Ulikuwa na sauti ya upole, ya mtu aliyelelewa na bibi. Tangu uanze kuchanganya kiungo cha Nakijwa, sungura walifikia uzito wa sokoni nusu ya muda wa zamani, na kuhara kukawa hadithi. Nyama ya mchana ule wa mbuzi ndiyo ilikuwa ya kwanza ya kiungo hicho kufika mezani. Ushirika ulitaka kumjengea marehemu sanamu. Mwenyekiti, Bwana Mrutu, alisema wangeanza na bango.

Kwa majuma kadhaa Nanzia alitembea kama mtu aliyerudishiwa kitu alichokwisha kukilia. Kila mchana alimpikia baba yake sungura, yeye akila mboga ili nyama imtoshe mzee, na kila mchana mzee alimwuliza kama mbuzi wamefungwa. Naye akawa mama yake. Akajifunza kuitika kama mke, kumtania kama mke, hata kukunja uso pale Nakijwa alipokuwa akikunja. Ilikuwa tamu mno. Hakujiuliza kwa nini hadithi huanzia palepale kila siku.

*

Aliyemlazimisha kujiuliza ni Mwalimu Kiangi, mwalimu mkuu wa shule ya msingi, aliyepanda mpaka Jumbani akihema na kofia mkononi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja na jambo la aibu kidogo." Akaketi juu ya gunia la mlonge. "Watoto wangu wamekuwa wazee."

"Wamekuwaje?"

"Asubuhi nafundisha nusu na robo. Wanashika, wanachangamka, wananyoosha vidole mpaka dari. Mchana wanakula sungura wa shule; mimi nyama siili. Wakirudi darasani, hakuna hata mmoja aliyewahi kusikia nusu ni nini. Nafundisha upya. Kesho yake, vilevile. Nilidhani ni utundu, nikawachapa kwa maneno. Lakini waulize siku walipoachishwa ziwa, Nanzia! Watakwambia mama alivaa khanga ya rangi gani. Watakwambia uji ulikuwa wa ulezi. Mmoja amelia darasani kwa sababu amekumbuka kuku wake aliyekufa kabla hajajua kusema."

Nanzia akaweka chini ndoo ya punje.

"Mwaka huu wanafanya mtihani," Mwalimu akaendelea. "Lakini sikuja kwa ajili ya mtihani. Jana nyoka ameonekana kisimani. Nimewaambia wasipite pale. Leo wote wamepita palepale."

Alipoondoka, Nanzia alisimama katikati ya vibanda akiwatazama sungura wakitafuna kwa haraka yao ile isiyo na sababu. Akamfikiria baba yake. Jana alimnyoa ndevu na wakacheka sana kuhusu sabuni iliyomwingia puani, na leo mzee ameshangaa kujikuta hana ndevu. Ya zamani yalirudi yote, na ya leo hayakukaa hata saa moja. Moyo ulimwambia asiendelee kufikiri, na yeye akaendelea.

"Pishi," akaita, "mtikiri unafika kwenye nyama?"

"Unafika," Pishi ukajibu. "Kwa kiasi kikubwa."

"Mbona mimea mingine haifiki?"

"Kwa sababu ya tabia ya sungura. Nieleze?"

"Eleza."

Sungura ana tabia ambayo watu hawapendi kuitaja mezani. Chakula kikipita tumboni mara ya kwanza, hutoa kinyesi laini, kisha hukiinamia na kukila tena, ili tumbo lipate kile ambacho halikukipata mwanzoni. Kwake hiyo si uchafu, ni busara, na asipofanya hivyo hudhoofika. Basi uchungu wa mtikiri hupita tumboni mara mbili. Mara ya kwanza unalainishwa na mara ya pili unazama katika mnofu. Anayekula mnofu huo, Pishi ukasema, hufunguliwa mlango wa nyuma wa kumbukumbu, na ule wa mbele hujifunga.

"Lakini sungura wa mama tulikula sote," Nanzia akasema. "Nimelelewa nao. Nilifaulu hesabu. Hakuna aliyekumbuka kuachishwa ziwa."

"Sina maelezo ya hilo," Pishi ukasema. "Nilifuata maneno yake yote."

*

Kulikuwa na mtu mmoja tu aliyewahi kuishi na jiko lile, na dawa ya kumfanya akumbuke ilikuwa sufuriani nyumbani. Nanzia aliona aibu kuitumia, lakini akaitumia. Alimpakulia baba yake, akangoja aulize habari za mbuzi, akamjibu, kisha akakaa karibu naye.

"Baba Nanzia, hivi ile dawa ya sungura huwa tunaichanganyaje?"

Mzee akamtazama kwa jicho la mashaka. "Unaniuliza mimi? Si wewe unayefunga mlango wa jiko?"

"Nafunga kwa nini?"

"Aa, Mama Nanzia, usinifanye mtoto. Unadhani sisikii unavyokwangua sufuria? Kwaru, kwaru, kwaru. Unauacha ukoko wa makande uungue kusudi mpaka uwe mweusi kama kaa, unausaga, unawachanganyia sungura." Akapunguza sauti, ingawa hakukuwa na mtu. "Mimi sijasema. Mama yangu akijua kwamba sufuria zetu zinaungua kila siku, atasema nimeoa mwanamke asiyejua kupika. Sasa nami nikimwambia unaunguza kwa akili, ataniamini? Kwa hiyo nimenyamaza. Hiyo ndiyo ndoa."

Nanzia akamshika mkono.

Alirudi Jumbani akauambia Pishi urudie sauti ya mama yake. Sauti ikaja, ya kizee, yenye mapengo, ikimpiga Nanzia kifuani jinsi ilivyokuwa karibu. *Mlonge uwe mwingi. Saumu ya kunusisha tu. Mtikiri kiganja, usizidi. Halafu na...* Hapo Nakijwa akateremsha sauti mpaka ikawa pumzi. Miaka yote hiyo, mkwewe amekwisha kufa, yeye mwenyewe yu njiani, bado aliona haya kutamka mbele ya wanaume wa ushirika kwamba sufuria yake iliungua.

"Nilisikia *ukoka*," Pishi ukasema. "Mwisho wa neno haukusikika. Sungura hula ukoka, na majani hayo yako mengi hapa. Katika maneno yote niliyofundishwa, ukoko haukuwahi kukaribiana na sungura."

"Huwezi kulaumiwa," Nanzia akasema. "Hata mtu angesikia hivyo." Kisha akauliza lile aliloliogopa. "Ukoko ulioungua ungefanya nini?"

"Masizi yake yangeushika uchungu wa mtikiri katika safari ya kwanza ya tumbo na kutoka nao. Sungura wangekua vilevile na wasingeharisha. Nyama ingekuwa nyama tu."

Nyama tu. Nanzia akaketi chini, juu ya sakafu yenye vumbi la mlonge, akijua kwamba mkononi mwake kuna dawa ya watoto wa shule nzima, na kwamba siku atakayoitoa, baba yake atamwita dada.

*

Bwana Mrutu alimsikiliza mpaka mwisho, akizungusha fimbo yake sakafuni.

"Juzi nimekula na kaka yangu, nimeliandika nisilisahau," akasema. "Yule aliyekufa machimboni. Namaanisha, nimekaa peke yangu na sahani, na yeye alikuwa pale, ananiibia maandazi. Nilikuwa nimesahau kama alikuwa na mwanya, Nanzia. Ndugu yangu wa tumbo moja, nimesahau mwanya wake! Sasa unaniambia nimwage chombo chenye mwanya huo."

"Nakwambia watoto wanapita kisimani kwenye nyoka, Mwenyekiti."

"Nimesikia. Mimi si mnyama." Akafikiri. "Tutenge banda moja. Watoto wapewe nyama yenye ukoko, na wazee wabaki na hii. Wazee tuna haja gani na kesho? Kesho yetu inajulikana. Baba yako naye abaki na hii. Nani atapungukiwa?"

Hilo ndilo alilokuwa akilitaka tangu Pishi useme, na hakuwa na ujasiri wa kulisema yeye. Banda moja tu, dogo, pembeni. Akakubali papo hapo, akamshukuru mzee huyo kwa mikono miwili, akateremka nyumbani kwa mzee akiimba.

Alimkuta baba yake barazani na sahani. Mbele yake alisimama mjukuu wa jirani, msichana wa darasa la kwanza mwenye sare ya shule, kapanua kinywa. Mzee alikata mnofu wa mgongo, ule mtamu kuliko wote, akautia kinywani mwa mtoto kabla ya yeye mwenyewe kuonja.

"Baba!" Nanzia akapiga kelele.

Mzee akashtuka. "Kwani nini? Nile peke yangu kama fisi?"

Nanzia akasimama pale njiani, nyimbo zote zimemkauka. Alikuwa amelelewa katika desturi hiyo na alikuwa ameisahau bila kula chochote. Mzee wa Kipare hali nyama peke yake. Kipande cha kwanza ni cha mjukuu, wake au wa jirani, na mzee anayekula akiwa amefunga mlango husemwa mpaka kaburini. Ungeweza kutenga banda, ungeweza kutenga sufuria, ungeweza kuandika sheria ukaibandika mlangoni kwa Mrutu. Usingeweza kuwafundisha wazee wa Ugweno kuwanyima wajukuu nyama. Na hata kama ungeweza, ungekuwa umewarudishia ya zamani kwa kuwanyang'anya lile la zamani lililokuwa bora.

Alimrudia Mwenyekiti asubuhi akamweleza hilo tu, la kipande cha kwanza. Bwana Mrutu akafumba macho. Asubuhi hiyo hiyo alikuwa amewalisha wajukuu wake wawili.

"Basi waite wanawake," akasema. "Waambie waunguze makande."

*

Yalikuwa majuma ya vichekesho katika Ugweno. Wanawake waliolelewa kuuficha ukoko waliubeba mchana kweupe, kwenye ndoo, kwenye ungo, wakipanda nao Jumbani huku wakitaniana nani kapika vibaya zaidi. Mama mmoja aliyesemwa miaka yote kwa kuunguza chakula alipokewa kwa vigelegele. Pishi ulisaga, ukachanganya, na sungura wakala bila kujua kwamba dunia imebadilika.

Katika sungura wa zamani akabaki mmoja wa mwisho, naye Nanzia akamchukua. Hakumwambia mtu. Alifunga mlango wa baraza, tendo la aibu ambalo hajawahi kulitenda, akampikia baba yake kwa nazi na mdalasini kidogo, akaketi mbele yake amevaa khanga ya mama.

Mzee akala. Mzee akauliza. Nanzia akajibu kwamba mbuzi wote wamefungwa, na yule mweusi, na mlango umekazwa.

"Baba Nanzia," akasema, "nikuulize. Huyu Nanzia wetu, unamwonaje?"

"Yule?" Mzee akatabasamu akitafuna. "Yule ana kichwa kigumu. Ukimwambia kushoto, ataomba ushahidi. Amekutoka wewe."

"Unampenda?"

"Mama Nanzia, maswali gani haya leo? Usiku akikohoa silali. Najifanya nimelala ili wewe upumzike, lakini silali." Akasogeza sahani. "Nina hofu moja tu. Atakuwa na akili sana, atakwenda mbali, na siku moja atarudi nikiwa mzee, nisimjue. Hilo tu. Nikishindwa kumjua, mwambie asinikasirikie."

"Hatakukasirikia," Nanzia akasema. "Nakuapia."

Akamsafisha vidole kimoja kimoja, akamsogezea kiti juani. Akakaa karibu naye, akamsikiliza akisimulia daraja lililobomoka na harusi iliyokosa mchungaji, akacheka kila palipohitaji kucheka, mpaka mzee akasinzia katikati ya sentensi.

Alipoamka, alimtazama kwa upole wa mgeni. "Asante kwa chakula, dada," akasema.

Siku iliyofuata Nanzia alimpelekea makande matupu, yasiyo na nyama, kwa sababu hakuweza bado kumpikia ile mpya. Alijitayarisha njia nzima. Mzee alipokea, akashukuru, akala kimya. Hakuuliza mbuzi. Wakakaa, wakatazama ukungu ukikamatwa na nyavu, na mara moja mzee akasema kwamba ukungu wa leo ni mzito. Nanzia akakubali kwamba ni mzito. Alirudi nyumbani kwake akalia mpaka kichwa kikauma, akijilaumu, akimlaumu mama kwa haya yake, akiwalaumu watoto wa shule ambao siku hiyo, Mwalimu Kiangi alimtumia habari, walikuwa wameikumbuka robo hadi saa tisa.

Siku ya pili alikwenda tena, kwa sababu ilibidi aende. Mzee alikuwa barazani. Alimwona akija kwa mbali, akanyanyua mkono juu ya macho kukinga jua, akamtazama sana kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Shikamoo," Nanzia akasema.

"Marahaba, mama." Bado alikuwa akimsoma. "Wewe jana ulikuja."

Mlango ule wa mbele umefunguka, Nanzia akawaza. "Nilikuja."

"Uliniletea makande. Tukautazama ukungu." Mzee akasogea kwenye benchi, akaupangusa kwa kiganja upande ulioachwa wazi. "Jina lako sikukuuliza. Kaa, uniambie."